Benchi la Tatu

Dada alinipigia kwa video kutoka Pangani,
akacheka mpaka mtandio ukamdondoka:
"Umenenepa, Zamzamu! Uingereza imekukubali."
Nikacheka naye. Sikumwambia
kwamba kilo hizi ishirini na mbili si za siagi wala za raha,
ni za kidonge cha njano, kidogo kama punje ya mtama,
kilichonirudishia usingizi
na kuuweka mwili wangu rehani.

Sikitukani.
Hapa Sheffield, baridi ya mwaka juzi,
mabomba ya joto ukutani yaliniita kwa jina la utotoni.
Nikatoka usiku wa manane, kandambili kwenye theluji,
nikigawa vijiko vyangu mlango kwa mlango.
Kidonge ndicho kilichonishika mkono kikanirudisha ndani.
Usiache mbachao kwa msala upitao:
nami mbacha huu nimeulalia,
naujua kila ukili wake, unaoliwaza na unaowasha.

Ila nataka kumjua aliyebaki chini yake.

Daktari Pritchard hakukataa, wala hakuharakisha.
Alichora ngazi kwenye karatasi,
vipandio vifupi vifupi, kila kimoja wiki sita.
"Tutaanza Aprili, jua likirudi.
Kabla ya hapo jenga miguu.
Ngazi haishukwi kwa magoti mabovu."
Karatasi iko kwenye friji, imeshikwa na sumaku ya nanasi.
Chini yake nimeongeza kwa mkono wangu:
Nisipolala siku tatu, nimpigie Doreen.
Nikianza kugawa vitu, nimpigie Doreen.
Doreen mwenyewe kaisoma, kavaa miwani, kaisoma tena,
kisha kwa kalamu nyekundu
akaandika saa anazokuwa kanisani.

Basi natembea.
Mji huu ulijengwa na mtu mwenye chuki na tambarare;
hata kwenda kununua maziwa ni kupanda.
Novemba nilifika lango la bustani ya Meersbrook
nikihema kama mvukuto.
Desemba, benchi la kwanza. Lina kibao cha marehemu:
Walter, aliyependa kutazama kutoka hapa.
Nikamtaka radhi, nikamkalia.
Januari sikwenda.
Nilikula biskuti kitandani, na viatu mlangoni
vilinitazama kama watoto waliosahauliwa shuleni.
Februari, benchi la pili, mvua ya mawe,
na mbwa wa Doreen akinivuta kama deni.

Jumapili kuna bwawa, saa ya wanawake.
Naingia na suruali ndefu na kofia ya mpira,
pembeni yangu Bi Hodan, miaka sabini,
anaelea chali akihesabu taa za dari kwa Kisomali.
Maji hayaulizi uzito wa mtu.
Yananibeba vile vile kama yanavyombeba yeye,
na ndani ya maji nasikia, mbali,
bega langu la zamani, lile la netiboli,
likigeuka usingizini.

Leo asubuhi nimefunga kamba za viatu nikiwa nimesimama.
Ukisikia ni kitu kidogo, basi hujawahi
kukaa ukingoni mwa kitanda ukiitazama miguu yako
kama mizigo ya mtu mwingine.

Nikapanda. Nikampita Walter, nikampa salamu.
Nikalipita la pili.
La tatu halina jina, limelowa, lina kinyesi cha njiwa,
na kutoka hapo mji wote uko chini,
hadi paa la wodi ile, dogo,
ningeweza kulifunika kwa kidole gumba.
Sikulifunika. Nililitazama tu.

Nimerudi. Nimemimina maji.
Miligramu kumi na tano, kizima, hakijaguswa na kisu.
Aprili bado.
Nimemeza,
na chini ya meza miguu inatetemeka.
Sijui ni mlima, sijui ni dawa.
Naiacha itetemeke.